Tutengenezeeni sehemu ya kukaa Mtera kabla mtu hajazama

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, naishi Dodoma, kazi yangu ni fundi wa mafriji na viyoyozi, na ni baba wa watoto watatu. Naomba unipe nafasi niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Pasaka iliyopita na bado halijatoka, linahusu bwawa la umeme la Mtera, lililo kati ya Dodoma na Iringa.

Nianze hivi. Mtanzania wa rika langu alilisikia jina la Mtera kabla hajaliona bwawa lenyewe. Tulikuwa tunalisikia redioni, kina cha maji Mtera kimeshuka, na ukisikia hivyo tu unajua mgawo wa umeme umekuja, mama anaanza kutafuta mishumaa na kibatari kinatolewa uvunguni. Mwaka 2006 nakumbuka vizuri kabisa, tulikuwa Dar, umeme unakatika asubuhi unarudi usiku, watu wazima wamekaa kibarazani wanabishana habari za mita, Mtera imebaki mita ngapi, kama vile wanabishana habari za Simba na Yanga. Tulijua ikifika mita 690 kutoka usawa wa bahari mitambo inazimwa, na ikijaa kabisa ni mita 698 na nusu. Basi. Hayo ndo yalikuwa maarifa yetu ya Mtera, namba. Hakuna aliyetuambia kwamba lile ni ziwa, yaani ziwa kweli kweli, likijaa linafika zaidi ya kilomita za mraba 600, lina ndege, lina viboko, lina machweo ambayo mi niliyekulia pembeni ya bahari sijawahi kuyaona vile.

Mama watoto ni mtu wa Isimani huko Iringa, kwa hiyo barabara ya Dodoma Iringa tunaipita kila mwaka kwenda kwa wakwe. Ni kama kilomita 260 hivi na Mtera iko katikati kati, ukitoka mji mmoja kwenda mwingine pale ndo unapumua. Zamani ilikuwa vumbi tupu, sasa ni lami safi. Basi likikaribia Mtera utaona kina mama wanakimbia na mabeseni kichwani, perege wa kukaanga, kambale, ndimu na pilipili kwenye kimfuko, wananyoosha mikono hadi dirishani, hela inapanda samaki anaingia, dakika tatu nne konda anapiga bati, twende. Watoto wangu kila mwaka ni hivyo hivyo, wanayaona maji, wanapiga kelele baba maji, baba maji, wanabandika pua kwenye kioo, halafu maji yanaisha tunarudi kwenye mibuyu na mawe. Kila mwaka nawaambia siku moja tutashuka.

Pasaka hii nilipata kagari ka kuazima kwa rafiki, nikasema leo tunashuka.

Pale ukutani penyewe huwezi kusimama, ni eneo la ulinzi na mi nakubaliana nalo kabisa, ule ukuta ndo unaolisha maji mitambo ya umeme ya Kidatu, ulikamilika 1980 kwa kazi hiyo, na mitambo ya Mtera yenyewe megawati 80 ilikuja baadae 1988. Hapo hakuna ubishi. Tukasogea mbele tukauliza watu, tukaelekezwa njia ya kwenda mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki. Tukafika. Mhariri, maji yalikuwa yamejaa maana mvua ndo zilikuwa zinamalizia, na kitu cha kwanza kilichonishika ni ile miti. Bwawa hili lilipojaa lilifunika msitu, miti ikafa imesimama maana mizizi ikikaa majini inakosa hewa, lakini mpaka leo mingine ipo, mikavu, myeupe kama mifupa, imetoka juu ya maji, na kila tawi lina ndege. Mnandi wamekaa wametanua mabawa kama nguo zimeanikwa. Mwari wanaelea chini makundi makundi na ile midomo yao yenye mfuko. Furukombe akalia mara moja tu kutoka mbali, binti yangu mdogo wa miaka sita akaniuliza nani anacheka, nikamwambia ni ndege, akakataa, akasema hapana baba ni mtu.

Sasa sehemu ya kukaa. Hapakuwa na sehemu ya kukaa. Pale tuliposhukia hapakuwa na banda, hapakuwa na mti wa kivuli zaidi ya mmoja ambao tayari una nyavu zinakaushwa, hapakuwa na choo, mama watoto ilibidi aende kuomba nyumba ya watu na nawashukuru walimpokea vizuri. Chini chupa za plastiki, mifuko, vichwa vya samaki, na nzi wake. Tulitandika khanga juu ya nyasi, tukala samaki wetu, na watoto walikuwa na furaha hiyo, nakwambia hawajawahi kuniuliza choo kiko wapi. Ila mi mzazi nilikuwa naangalia maji na macho hayatulii maana lile ziwa lina mamba na viboko, na mtoto haambiwi mara moja akasikia.

Akaja mzee mmoja mvuvi, mama watoto akamsalimia kwa kihehe, kamwene, mzee akafurahi sana, wakaanza kuulizana ukoo mpaka wakapata mtu wanayemjua wote wawili. Ndo akasema kama mnataka niwazungushe kidogo watoto waone viboko kwa mbali. Mi nikasita. Watoto wakaniangalia. Nikauliza mzee boti yako ina jaketi okozi, akasema mwanangu sisi hatuna hizo, tunamtegemea Mungu na kopo. Kopo lenyewe niliona baadae kazi yake, ni lile kopo la rangi la lita nne limekatwa juu, la kuchotea maji maana boti ilikuwa inavuja kwenye maungio ya mbao na kijana wake alikuwa anachota muda wote bila kupumzika kama vile anapumua.

Nakiri kwako Mhariri na kwa wasomaji, nilipanda, na nikapandisha wanangu wawili wakubwa, yule mdogo akabaki na mama yake ufukweni analia. Nilikosea. Sijaandika barua hii kumlaumu yule mzee hata kidogo, alituonyesha mambo ambayo siwezi kuyalipa. Alizima injini mbali na viboko, akasema hapa hatusogei zaidi, tukakaa kimya, tukahesabu masikio, tisa, kisha kumi na moja, kisha wakazama wote tukawa hatujui wako wapi na mzee akawasha injini haraka akageuza. Alituonyesha kiota cha mnandi karibu kabisa, na akatufundisha kusoma maji, kwamba ukiona kijiduara cha maji kinazunguka mahali pamoja jua chini kuna kisiki. Sasa wakati wa kurudi upepo ukaanza, maana mchana ule upepo ulikuwa unakuja bondeni kwa nguvu, mawimbi yakafuta vile viduara vyote, na katikati ya safari boti ikapanda kisiki. Kah! Sauti ile ya ubao sitaisahau. Boti ililala upande, maji yakaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, kijana akarukia upande wa pili kuweka uzito, mzee akashika pondo akasukuma, akasukuma tena, ikatoka. Labda dakika moja yote. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na moja na hajui kuogelea, alikuwa amenishika mkono na kucha zake alama niliziona mpaka kesho yake.

Tukafika salama. Mzee akakataa hela ya zaidi, akasema nipe ya mafuta tu.

Ndo maana naandika. Watu wanakuja Mtera na watazidi kuja, hilo halizuiliki. Dodoma ya leo sio ile ya zamani, serikali imehamia hapa, sensa ya 2022 mkoa umehesabiwa watu zaidi ya milioni 3, wengi tumetoka Dar na mikoa ya maji, tumezoea Jumapili kuwapeleka watoto Coco au Kigamboni wachezee mchanga. Hapa Jumapili tuna Nyerere Skwea, tuna Chinangali, halafu baa. Baa ni za watu wazima. Na masaa mawili kutoka hapa kuna ziwa zima ambalo tunalipita kwenye basi tukinunua samaki dirishani. Watu wenye magari wameanza kushuka kama nilivyoshuka mi, wanawaomba wavuvi wawazungushe, wavuvi ni watu wa huruma na njaa ipo pia, wanakubali, na boti zile ni za kuvulia hazikutengenezwa kubeba familia. Siku moja kisiki hakitatoka. Halafu ndo tutasikia kamati, na marufuku, na ziwa litafungwa kabisa tusilisogelee tena.

Na naomba ieleweke, bwawa sio bahari na sio Ziwa Victoria, lina tabia zake, mtu anayetaka kupanga kitu pale lazima azijue. Maji ya Mtera yanapanda na kushuka karibu mita 8 na nusu kati ya kujaa na kukauka kwa mitambo. Kwenye ukuta hizo mita nane huzioni sana, lakini ufukwe ule ni tambarare, maji yakishuka mita chache tu basi yamerudi nyuma mbali sana, yule mzee ananiambia mwezi wa kumi na moja pale tulipotandika khanga unatembea mpaka unachoka ndo uyakute maji. Kwa hiyo ukijenga gati la zege kwa mbwembwe mwezi wa tano, mwezi wa kumi na moja limesimama kwenye nyasi mbuzi wanakula chini yake. Inatakiwa gati la kuelea, la maplastiki au mapipa, linalofuata maji yanapokwenda. Sio kitu cha ajabu, na mafundi wa kulitengeneza tunao. Visiki hivyo hivyo. Maji yakiwa chini ndo muda wa kutembea na kuvipima, ukachagua njia moja ya boti, ukaisafisha hiyo njia tu na kuweka maboya ya rangi pande mbili, mingine yote uiache. Tafadhali sana msikate ile miti mikavu. Ndege wamelala pale, samaki wanazaliana kwenye mizizi pale, na kilichowafanya wanangu wasilale usiku ule kwa kusimulia ni ile miti na sio kitu kingine.

Kuogelea mi sipendekezi hata kidogo. Mbali na mamba kuna kichocho, hili ni jambo la mabwawa na maji yaliyotulia karibu kote nchini, konokono wadogo wanakaa kwenye majani ya ukingoni, mtu akikojoa au kujisaidia majini mzunguko unaanza, vijidudu vinatoka kwa konokono vinaingia kwenye ngozi ya mtu mwingine hata kama amesimama tu majini miguu mitupu. Dawa ipo lakini kwa nini umtafutie mtoto ugonjwa. Ndo maana nasema choo kwanza kabla hata ya boti. Choo kizuri mbali na maji, kinapunguza kichocho kwa wageni na kwa wavuvi wenyewe ambao wako mule majini kila siku ya Mungu na hakuna anayewafikiria.

Kwa hiyo watu watazame kwa macho, wapande boti, wakae kivulini, wavue kwa ndoana, wapige picha ndege. Inatosha kabisa, watoto hawahitaji bembea za maji.

Na hili linawezekana, wenzetu wanalifanya. Kenya pale bwawa la Masinga kwenye mto Tana, ukuta wao ulikamilika 1981, mwaka mmoja tu baada ya Mtera, nalo ni la umeme kama letu, lakini mamlaka yao ya maendeleo ya mito Tana na Athi ina hoteli pale pembeni, watu wanatoka Nairobi wikiendi wanapanda boti wanaangalia viboko na mamba. Kariba ndo usiseme, Wazambia na Wazimbabwe wana boti za kulala humo humo ziwani na bwawa lao ni la tangu miaka ya 1950. Sisi Mtera ina zaidi ya miaka 40 na bado mtoto anaiona dirishani. Zamani tungeweza kusema umeme kwanza, nchi nzima inategemea hapa, sasa tuna bwawa la Mwalimu Nyerere lenye megawati 2,115 kule Rufiji, mzigo ule mkubwa ambao Mtera na Kidatu walibeba umepungua. Tunaweza kuitazama Mtera kwa jicho lingine na umeme ukaendelea kuwaka.

Nilijaribu kufuatilia, nisionekane mtu wa kulalamika gazetini tu. Niliporudi nilienda ofisi moja ambayo sitaitaja, nikaulizwa wewe ni mwekezaji, nikasema hapana ni mzazi, nikaambiwa niandike barua niipeleke ofisi nyingine, nikaenda huko nikaambiwa ukuta ni wa watu wa umeme, maji ni ya bodi ya bonde, boti ni za watu wa vyombo vya majini, mamba ni wa wanyamapori, ardhi ni ya halmashauri, na halmashauri zenyewe zaidi ya moja maana ziwa limegusa Iringa na Dodoma. Wote waliniongelesha kwa adabu, sina ugomvi nao. Ila nikajiuliza kitu ambacho ni cha watu wengi hivyo mbona kwenye choo hakuna hata mmoja. Ombi langu ni hao wote wakae meza moja siku moja tu, TANESCO, bodi ya maji bonde la Rufiji ambao makao yao ni Iringa hapo hapo, TASAC wa vyombo vya majini, TAWA wa wanyamapori na hizo halmashauri, wachague sehemu moja ndogo kila upande. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingoni zisiguswe, sawa, vibanda na vyoo vikae nje ya hizo mita, ndani yake tukae kwenye nyasi na khanga zetu.

Lakini kuna jambo moja naliogopa kuliko kisiki na nalisema mapema. Naogopa siku wakisikia wazo hili watamtafuta mtu mmoja mwenye hela, atapewa ufuko wote, ataweka ukuta na geti na mlinzi, kiingilio kikawa cha watalii, na wale kina mama wa mabeseni wakafukuzwa kwa sababu wananuka samaki. Mi nimekulia Dar, nimeona sehemu tulizokuwa tunacheza mpira tukiwa wadogo zikifungwa ukuta mmoja baada ya mwingine mpaka bahari ikawa kitu unachokisikia tu nyuma ya tofali. Mtera isifanywe hivyo. Kazi ya kuzungusha watu wapewe wavuvi wenyewe kupitia vikundi vyao vya BMU, yaani vile vya kusimamia mialo na uvuvi, wakopeshwe boti mbili tatu zinazofaa, zikaguliwe, kila boti iwe na jaketi za watu wazima na za watoto, maana jaketi la mtu mzima mtoto anachomoka kwa chini. Safari ziwe asubuhi kabla ya upepo, upepo ukianza basi, hata mteja awe na hela kiasi gani. Yule mzee anajua maji yale kuliko chuo chochote, akipewa chombo kizuri hakuna mwongoza watalii wa kumfikia. Na kina mama wawekewe banda lenye meza na maji safi, wauze wamekaa badala ya kukimbiza mabasi barabarani, maana ile biashara ya kukimbilia madirisha nayo ni hatari, mtu anakanyagwa.

Bei iwe ya mwalimu na mama ntilie wa Migoli na Chipogolo na familia zao, maana hao ndo wenye ziwa, wanaamka nalo.

Binti yangu mdogo hajanisamehe. Kila jioni nikirudi kazini ananiuliza tunaenda lini kwa yule ndege anayecheka, na kaka yake, yule aliyenishika mkono, siku hizi ananisumbua nimlipie mafunzo ya kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, nimeanza kumlipia kidogo kidogo. Mwezi wa nane tunaenda tena kwa wakwe, Mungu akipenda. Tutashuka tena pale pale, tutatandika khanga, tutanunua samaki, na yule mzee nimemwekea zawadi yake ya koti la mvua. Ila kwenye boti simpandishi mtoto yeyote mpaka nione jaketi la saizi yake.

Wako msomaji,
Baba wa watatu,
Dodoma